Mto unaopungua kadiri unavyoshuka

Kitabu cha jiografia kinasema mto hukua kadiri unavyoshuka. Upana huongezeka, kina huongezeka, mikono huungana nao mmoja baada ya mwingine, na ujazo wa maji yanayopita kila sekunde hupanda mpaka mto ufike baharini. Mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kukuchorea grafu yake akiwa amefumba macho. Halafu mpeleke mto Karanga mwezi wa Septemba. Apime juu, karibu na msitu wa Kilimanjaro. Apime katikati, kwenye vihamba vya Kibosho, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Apime chini, karibu na barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha. Namba zitamkatalia.

Mimi nafundisha jiografia Moshi, na hizo namba zinazokataa ndizo ninazotaka kuzieleza hapa. Naziona kuwa na thamani kuliko sura nzima ya kitabu. Fildi ya mto imegeuka kwa walimu wengi kuwa kazi ya kujaza jedwali: basi la shule linasimama darajani, wanafunzi wanashuka, wanapima upana na kina, wanapiga picha, wanarudi kula. Jedwali linajaa, ripoti inaandikwa, na hakuna aliyejua mto ule unamhusu nani. Nasema tunaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo bila kununua kifaa chochote cha gharama.

Karanga si mto mkubwa. Huwezi kuuweka pamoja na Rufiji wala Kagera. Lakini ni mto unaoporomoka sana katika mwendo mfupi. Waliopanda mlima kwa njia ya Machame wanaujua: bondeni kwake, penye kambi ya Karanga karibu na mita 4,000, ndipo wapagazi wanapochota maji ya mwisho. Kambi inayofuata, Barafu, haina maji, kwa hiyo kila kikombe cha chai kinachonywewa huko usiku wa kuelekea kileleni kimebebwa na mtu kutoka bonde hilo. Kuanzia hapo mpaka daraja la magharibi mwa mji wa Moshi, mto umeshuka zaidi ya mita 3,000. Kisha unatulia kwenye tambarare, maji yake yanakutana na ya mito mingine ya mlimani, yanaingia Kikuletwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakuwa mto Pangani, na kufika Bahari ya Hindi kwenye mji wenye jina hilo hilo.

Kabla hatujatoka darasani huwa nauliza swali moja: maji ya Karanga yanatoka wapi? Karibu darasa zima hujibu kwamba yanatoka kwenye barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Ni jibu linaloeleweka, kwa sababu barafu ndiyo inayoonekana. Ukiamka asubuhi Moshi mawingu yakiwa yamefunguka, unaiona iking'aa, na chini yake mito. Lakini barafu hiyo ni ndogo mno kulisha mito hii yote. Mwaka 1912 ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mito haikupungua kwa kiwango hicho, kwa kuwa haikuwa ikiitegemea. Inategemea mvua, na mvua ya mlima huu haianguki kileleni. Inaanguka zaidi msituni, upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kitu, ambako kwa mwaka hupita milimita 2,000. Moshi mjini hazifiki 1,000. Ukishuka mpaka kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC ni kama 500 tu. Juu kabisa, kwenye mawe na vumbi la Kibo, ni pakame.

Kwa hiyo chanzo halisi cha Karanga ni msitu. Barafu ikiyeyuka yote tutapoteza uzuri mkubwa na kumbukumbu kubwa ya hali ya hewa ya zamani, lakini mto utaendelea kutiririka. Msitu ukiisha ndipo taabu itakapoanza. Miti ya juu, iliyofunikwa kuvumwani, zile nyuzi kama ndevu zinazoning'inia matawini, hunasa hata ukungu: matone hujikusanya kwenye majani na kudondoka chini bila mvua yoyote kunyesha. Moto ukipita huko, kama ule wa Oktoba 2022 uliowaka karibu na kambi yenyewe ya Karanga, kinachoungua ni mfumo wa maji. Nataka kijana alijue hilo kabla hajatia mguu mtoni, la sivyo atapima maji bila kujua anapima matokeo ya kitu gani.

Kituo chetu cha kwanza kipo chini ya ukanda unaoitwa Nusu Maili. Ukanda huu ulitengwa mwaka 1941 kati ya vijiji na hifadhi ya msitu ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo bila kuingia ndani zaidi. Juu yake siku hizi ni hifadhi ya taifa. Mpaka wa hifadhi uliongezwa mwaka 2005 ukameza msitu wote. Sisi hatuvuki. Tunaanza kwa ofisi ya kijiji, tunajitambulisha, tunaeleza tutafanya nini na tutamaliza saa ngapi. Mwalimu anayepuuza hatua hii anajinyima mambo mawili: usalama, na watu watakaomwambia ukweli wa mto.

Sasa vifaa. Kamba ndefu, futi kamba, rula ya mbao ya mita moja, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, daftari na penseli, maana kalamu ya wino haipendi maji. Na machungwa.

Kamba inavutwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ikikata mto sawasawa bila kwenda upande. Upana ni pale maji yanapoanza na pale yanapoishia, si kutoka jani hadi jani. Kisha mtu anaingia mtoni na rula, na kila nusu mita anaitumbukiza mpaka iguse chini. Hapa kuna jambo dogo ambalo ndilo linalotofautisha kipimo na makisio: upande mwembamba wa rula lazima uelekee mkondo. Ukiukingia mkondo ule upande mpana, maji yanajirundika mbele ya rula na nyuma yake yanabonyea, na wewe unasoma kina ambacho hakipo. Msichana mmoja wa darasa langu aligundua hili mwenyewe. Aliizungusha rula mkononi akiwa amesimama kwenye maji ya magoti, akaona maji yakipanda na kushuka juu ya mistari ya sentimita huku mto ukiwa ule ule, akapaza sauti: "Mwalimu, njoo uone, rula inadanganya!" Wote tukaenda kuona. Baada ya hapo sikuhitaji kumkumbusha mtu.

Kasi tunaipima kwa chungwa. Tunatafuta sehemu iliyonyooka, tunapima mita 10 kando ya mto, mmoja anasimama mwanzo na mwingine mwisho. Chungwa linatupwa juu kidogo ya mstari wa mwanzo ili likifika pale liwe limeshashika kasi ya maji. Kwa nini chungwa? Kwa sababu huelea likiwa limezama sehemu kubwa, hivyo upepo haulisukumi. Rangi yake inaonekana hata kwenye povu. Na likipotea halichafui mto. Chupa ya plastiki haina hata moja ya sifa hizo. Inapaa juu ya maji, upepo unaichukua, na mwisho wa siku umeacha takataka mtoni kwa jina la elimu. Tunarudia kushoto, katikati na kulia, mara kadhaa kila mahali, tunachukua wastani, halafu tunauzidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na sakafu ya mto.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua mfano: mto una upana wa mita 4 na kina cha wastani cha sentimita 25. Eneo la maji hapo ulipoukata ni mita moja ya mraba. Chungwa likitumia sekunde 20 kumaliza mita 10, kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde. Ukiirekebisha inakuwa 0.425. Zidisha eneo kwa kasi, unapata mita za ujazo 0.425 kila sekunde, yaani lita 425. Kwa mtu aliyekulia kwenye foleni ya bomba, hizo ni ndoo kubwa 21 zinazojaa kila sekunde, mchana na usiku. Nikiwaambia hivyo vijana huwa wananyamaza. Wengi wao wameshaamshwa saa kumi usiku kwenda kukinga ndoo mbili.

Kituo cha juu kina mawe makubwa, na chungwa huko lina vituko vyake. Linaingia nyuma ya jiwe, linaanza kuzunguka, linarudi juu, linazunguka tena. Kuna wakati vijana walisimama kuliangalia chungwa moja likienda kinyume na mto kwa muda mrefu, na mmoja akataka kulisukuma kwa fimbo liendelee. Nikamkataza. Kipimo hicho kilikuwa kimeshaharibika, ndiyo, lakini kitu walichokuwa wanakiona kilikuwa na maana kuliko kipimo: maji mengi ya mto wa mlimani hayaendi chini moja kwa moja. Yanagonga, yanarudi, yanapoteza nguvu kwenye mawe. Ndiyo maana kituo cha juu kina kelele na povu na kila mtu anaapa kuwa ndicho chenye kasi kubwa, na ukipima wastani mara nyingi hukuti ile kasi uliyoisikia kwa masikio. Chini, mto ukiwa laini na kimya, chungwa linateleza bila kuchelewa.

Mawe nayo tunayapima. Kila kituo tunaokota bila kuchagua: mtu anafumba macho, ananyoosha mkono, jiwe la kwanza kuguswa na kidole ndilo hilo hilo. Tunapima urefu wake na kulitazama kama lina kona au limeviringika. Karanga hupitia kwenye lava ya Kibo, na ukibahatika utashika jiwe la kijivu lenye fuwele nyeupe za madini ya felispa, kubwa kama kucha, nyingi zikiwa na umbo la msambamba uliolala. Fuwele hizo zilikua polepole ndani ya mlima kabla lava haijamwagika. Huwa nawaachia walishike, walipitishe mkono kwa mkono. Kituo cha chini unakuta jiwe la aina hiyo hiyo likiwa dogo na limeviringika, na kati yake na lile la juu ni kazi ya maji tu. Hapa kitabu kinasema kweli tupu: mawe hupungua na kulainika kadiri unavyoshuka.

Lakini maji. Vijana walipokaa chini ya mti kufanya hesabu za siku nzima, kundi lililopewa hesabu za kituo cha kati lilikuwa na ujazo mdogo kuliko lililopewa za juu, na lililopewa za chini lilikuwa na mdogo zaidi. Kukawa na ukimya kwanza. Halafu kiongozi wa kundi la chini, kijana makini anayependa kazi yake iwe safi, akasema, "Mwalimu, tumekosea. Tutarudia kesho?" Mwingine akapendekeza njia ya mkato: wabadilishe kasi kidogo, grafu ipande kama ya kitabuni. Hakulisema kwa hila. Alilisema kwa nia njema kabisa, akiamini kitabu kiko sahihi na chungwa ndilo lililokosea.

Hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kusimama imara. Ukimruhusu kijana abadilishe namba aliyoipima kwa mikono yake, akiwa amelowa mpaka magotini kwenye maji baridi, ili tu ifanane na grafu iliyochorwa kwa ajili ya mito ya nchi nyingine, umemfundisha kutoyaamini macho yake. Atalibeba hilo mpaka atakapokuwa mhandisi, au afisa wa maji, au mbunge. Tuliangalia vipimo upya, tukarudia vile tulivyovitilia shaka. Namba hazikubadilika kiasi cha kubadilisha picha. Basi, nikasema, kama maji yalikuwepo juu na chini hayapo, yameenda wapi? Twendeni tukayatafute.

Tukapanda kwa miguu kandokando ya mto, kutoka kituo cha kati kwenda cha juu, badala ya kuzunguka na basi. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika fildi hii. Haikupita muda tukakuta banio la kwanza: mawe yamepangwa mshazari mtoni, nyufa zimezibwa kwa udongo na magome ya migomba, na maji yanageuzwa kuingia mfereji unaofuata ubavu wa bonde. Huo ni mfongo. Wachagga walikuwa na mifongo kabla Wajerumani hawajafika mlimani, na kuichimba kulihitaji jicho la hatari: mfereji unatakiwa kushuka, lakini kidogo kidogo, polepole kuliko mto wenyewe, ili baada ya mwendo uwe juu ya mto na uweze kufika kwenye mgongo wa kilima penye vihamba. Ukiushusha mno maji yanachimba, ukiuinamisha kidogo mno yanasimama. Walifanya hivyo bila kifaa cha kupimia mteremko. Wanafunzi wangu, wenye kifaa hicho cha kutengeneza wenyewe kwa protrakta na uzi, walihangaika hata kuupima ulivyoinama.

Mzee mmoja alikuwa anazibua matope kwa jembe karibu na banio. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu. Mmepoteza nini mtoni?" Mmoja akajibu kwamba wanatafuta maji. Mzee akaweka jembe chini, akaonyesha kwa mkono mgongo wa kilima. "Yako kule kwenye kahawa yangu. Kesho yatakuwa kwa jirani." Kisha akatueleza zamu: nani anafungua siku gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, nani anasimamia, na asiyetokea siku ya kusafisha mfereji analipa faini. Sehemu nyingine alizisema kwa Kichagga na kijana wetu wa Kibosho akatutafsiria. Tukamwomba ruhusa tupime mfongo wake. Akakubali, akasimama pembeni akiangalia chungwa likipita, na alipoona tunaandika akauliza, "Nyie mkiandika hivyo, mnapeleka kwa nani?"

Lilikuwa swali la haki. Watu wa mlimani wameshaona wapimaji wengi, na mara nyingi kilichofuata kipimo ni kuambiwa wapunguze. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mtumiaji wa namna hii awe na kibali, na bonde zima la Pangani lina bodi yake, ofisi zake zikiwa hapa hapa Moshi. Chini kuna wanaosubiri: mashamba ya miwa ya TPC, wakulima wa mpunga wa tambarare, wavuvi wa Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu yenyewe yenye megawati 8, Hale megawati 21, Pangani megawati 68. Mwishoni kabisa, mji wa Pangani, ambako mto ukikosa nguvu maji ya chumvi hupanda kuingia ndani ya nchi. Wote hawa wanaunganishwa na yale mawe aliyoyapanga babu yule mshazari. Nilimjibu kwamba ni kazi ya shule, nakala ataipata yeye mwenyewe na kamati yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Tulitimiza.

Tulipopima mifongo yote tuliyoikuta kati ya vituo viwili na kujumlisha, sehemu kubwa ya maji yaliyopotea ilionekana. Vijana waliandika upya hesabu yao kwa namna ambayo kitabu hakikuwafundisha: maji ya kituo cha juu, ongeza vijito na chemchemi zinazoingia, toa mifongo, linganisha na kituo cha kati. Bado kulibaki pengo, na hilo nalo tulilijadili. Sehemu yake ni makosa ya chungwa na rula. Sehemu nyingine ni mlima wenyewe. Miamba ya volkano ina nyufa na matundu. Maji huzama, husafiri chini kwa chini, na kutokeza mbali. Ndiyo yanayotoka kwenye chemchemi za Njoro, ndiyo yanayotoka Shiri kule Hai, na ndiyo yale ya buluu ya Chemka wanakoogelea wageni chini ya mikuyu. Kwa hiyo mto unaopungua sehemu ya kati unaweza kurudishiwa kule tambarare na chemchemi ambazo hazionekani kwenye grafu ya mtu yeyote.

Hapa nina msimamo, na najua haufurahishi kila mtu. Husemwa kwamba mfongo wa udongo unapoteza maji mengi njiani, kwamba dawa ni kuusakafia kwa saruji. Kweli unavuja. Ukitembea kando yake unakanyaga matope. Lakini maji yanayovuja kwenye kihamba hayajapotea: yananywesha migomba, miti ya kivuli, majani ya ng'ombe, na mengine yanazama kwenda kulisha chemchemi za chini. Anayetaka kusakafia aseme kwanza maji yale yaliyokuwa yanavuja yalikuwa yanamnywesha nani. Hilo haliwezi kujibiwa ofisini. Linajibiwa kwa kupima, msimu wa kiangazi na msimu wa masika, mfongo kwa mfongo. Na wapo maelfu ya wanafunzi wenye miguu na macho wanaoishi kandokando ya mito hii, na kazi tunayowapa ni kukariri mikono ya mto Amazon.

Kuhusu usalama niseme machache lakini kwa uzito. Hakuna anayeingia maji yanayopita magoti, na hakuna anayeingia peke yake. Mtu mmoja kazi yake ni kutazama juu tu: maji yakibadilika rangi ghafla, yakianza kuleta majani na vijiti, wote wanatoka, hata kama jua linawaka pale mlipo, kwa sababu mvua inaweza kuwa imenyesha msituni saa moja iliyopita. Masika hatuingii mtoni kabisa. Tunasoma alama za maji kwenye nguzo za daraja. Na kule chini, maji yanapotulia na kupata joto, tunavaa gambuti, kwa ajili ya kichocho. Konokono wake hupenda maji ya namna hiyo.

Nakala ya ripoti tuliipeleka kwenye kikao cha kamati ya mfereji. Vijana wawili waliisoma kwa Kiswahili, wakachora jedwali kubwa kwenye karatasi ya manila. Wazee walisikiliza mpaka mwisho. Katibu wa kamati aliuliza swali lililowashinda wasomaji wote: tulipima saa ngapi? Kwa sababu, akaeleza, asubuhi mabanio mengi yapo wazi, jioni yanafungwa, na usiku mto unakuwa mto mwingine. Kituo cha chini tulikipima mchana, wakati kila mtu wa juu anamwagilia.

Kwa hiyo safari ijayo tutagawanya watu tofauti. Badala ya makundi kuhama, kila kundi litakaa kituo kimoja kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama, fimbo yenye alama za sentimita ikiwa imechomekwa mtoni, na kusoma kina kila nusu saa. Simu zote zitasawazishwa saa kabla ya kutawanyika. Kamati imekubali kutupa orodha ya zamu za siku hiyo, ili tuone banio la nani likifunguliwa kituo cha chini kinashuka kwa kiasi gani na baada ya dakika ngapi. Katibu ameomba kundi moja likae kwake, penye banio la juu kabisa, na ameahidi uji wa asubuhi. Mwalimu mwenzangu mwenye darasa kando ya Weruweru, Kikafu au Rau akitaka kupima siku hiyo hiyo kwenye mto wake, aniandikie hapa chini. Tutapanga tarehe moja.